Risiti ya Shamba la Kinondoni

Watu wa Kinondoni wakimtaja mama yangu, Mwanakombo binti Shomari, husema alikuwa na kichwa kigumu. Wanasema kwa kicheko, lakini wapo waliokuwa wakivuka barabara ili wasikutane naye. Mimi ni mwanawe wa pekee, nimekaa naye miaka ishirini na minane, na ninachojua ni kwamba alikuwa haogopi karatasi. Kwa mwanamke asiyejua kusoma hata jina lake, jambo hilo liliwaudhi wengi waliojua kusoma.

Alizaliwa Kunduchi, mtoto wa muuza samaki. Alipokuwa msichana alibeba tenga la samaki wa kukaanga kichwani hadi Kinondoni, na akifika hupumzika kwenye kibaraza cha duka la Haiderali. Huyo ndiye baba yangu. Alikuwa Mhindi wa Kishia kutoka Mundra, katika nchi ya Kachi, na aliondoka kwao akiwa na miaka kumi na sita. Mke wake wa kwanza alifariki bila kumwachia mtoto. Alipotangaza kwamba anamtaka muuza samaki wa Kunduchi, jamaa zake wa mjini walinuna, naye akawanunia vilevile, na ndoa ikasomwa mwaka 1928 kwao Mama, mbele ya ukoo mzima wa watu walionuka samaki. Nilipozaliwa mwaka 1930, kaka yake Baba, ami yangu Mehboob, alituma kutoka Mundra bangili ndogo ya fedha na barua ya pongezi. Alikuwa hajatuona, lakini alituhesabu.

Mwaka uliofuata Baba akanunua shamba la eka tatu nyuma ya duka. Kinondoni ya siku hizo ilikuwa mapori na mihogo, na fisi walisikika. Shamba lilikuwa na mikorosho minne na magugu tu. Hapo ndipo Baba alipofanya kosa, na siwezi kumlaumu yeye peke yake, maana wenzake wengi walilifanya. Wafanyabiashara walikuwa wakiambiana kwamba Mwingereza hamwachi hata maiti. Mtu akifa, ofisi hufungua jalada, mali yake hukadiriwa mpaka kijiko, na warithi hawapati kitu mpaka kodi ya mirathi ilipwe. Dawa waliyoigundua ni kuandika mali kwa jina la ndugu aliye ng'ambo. Ukifa, karatasi zinaonyesha huna kitu, na ofisi inafunga jalada lake ikiwa mikono mitupu.

Basi hati ya shamba letu ikaandikwa jina la Mehboob, mtu ambaye hajawahi kuiona hata bandari ya Dar es Salaam.

"Na Mehboob akisahau kwamba ni jina tu?" Mama alimuuliza.

"Mehboob ni damu yangu."

"Na mie?"

Baba akacheka, akaomba chai. Alikuwa mtu mpole, wa kupenda chai na utani, na kila alipoombwa aandike wasia alisema mke wake anamharakisha kaburini. Mama aliniambia baadaye kwamba angeweza kustahimili ugomvi kuliko kile kicheko.

Nilipokuwa na miaka saba, jirani yetu Bibi Khatun alifiwa. Alikuwa Mshia kama Baba, ameolewa miaka thelathini, hana mtoto. Shemeji zake walikuja kutoka Mombasa, wakamfariji, wakamlilia marehemu, kisha wakamweleza mjane sheria. Mjane harithi ardhi. Hupewa sehemu yake katika thamani ya jengo na ya miti, basi. Jengo lake lilikuwa la udongo na miti hakuwa nayo. Bibi Khatun alipita kwetu na mabunda mawili ya nguo kuaga, na Mama akampikia uji, akamsikiliza mpaka mwisho. Hakusema pole hata moja. Swali nililomsikia akiuliza lilikuwa moja tu: "Miti, umesema?"

Masika ya mwaka ule nikaanza kazi.

Huku pwani, kila mtu anajua kwamba ardhi ni kitu kimoja na mti ni kitu kingine. Mtu anaweza kuwa na mnazi katika shamba la mwenzake, akaukwea, akauza nazi zake, akawaachia wanawe, na mwenye ardhi asiuguse. Mwenye mti ni aliyeupanda. Mama alinunua miche tisa ya minazi, akamwita jumbe wetu, Mzee Bakari, akamketisha kwenye kiti cha Baba chini ya mkorosho, akanipa jembe.

"Chimba."

Nikachimba. Nikatia majivu na chumvi shimoni kama alivyonielekeza. Mche ulikuwa chini, hatua mbili kutoka alipo yeye, nikamwomba anipe.

"Okota mwenyewe."

Nikaokota, nikauweka, nikafukia, nikashindilia udongo kwa nyayo. Ndipo Mzee Bakari akauliza kwa sauti ya baraza, "Nani kapanda?" Nikafundishwa kujibu: "Mie, Roshan binti Haiderali." Mara tisa tukafanya hivyo, shimo kwa shimo. Mikono ikatoka malengelenge. Halafu Mama akampakulia jumbe wali wa nazi na samaki wa kupaka, na mie nikalala kwa kilio.

Ikawa hivyo kila masika. Miche tisa, jumbe, wali, swali. Wasichana wenzangu walijifunza kushona na kusuka ukili, mie nikawa na viganja vya kuli. Mama hakugusa hata mche mmoja. Akibeba maji, anaishusha ndoo pembeni na kurudi nyuma, mie ndiye ninayemwagia. Nilipokuwa na miaka kumi na minne nilimwambia usoni kwamba wenzangu wana mama wanaowasaidia.

"Nakusaidia sana," akasema. "Chimba."

Nitasema kweli: nilimchukia. Nilimwona mwanamke mvivu na mkali aliyezaa mtoto ili apate kibarua wa bure. Nilimlalamikia Baba, naye akamtania mkewe mbele yangu kwamba amemgeuza binti wa watu punda. Mama akamuuliza, "Shamba hili la nani?" Baba akasema, "La Mehboob kwa karatasi, langu kwa Mungu." Mama akasema, "Basi mwache apande, mpaka hao wawili wapatane."

Siku ile Baba hakucheka. Alinitazama, akaitazama minazi ya mwanzo iliyokwisha kunipita kimo, akarudi dukani taratibu.

Masika ya mwaka 1950 alikuwa tayari mgonjwa wa kifua. Alikuja shambani na fimbo mkono mmoja na mche mkono wa pili, akihema. Nikanyoosha mikono nimpokee. Akauweka chini kwenye mdomo wa shimo, akajinyoosha kwa shida, akasema, "Okota, mwanangu." Nikaudhika kupita kiasi. Nilidhani ugonjwa umempa moyo wa Mama.

Alifariki mwezi wa kwanza mwaka 1951, akazikwa na jamaa zake wa mjini. Minazi ilikuwa mia na ishirini na sita, mingi yake inazaa.

Ami Mehboob aliwasili na meli ya mwezi wa nne. Kiswahili alikijua, alijifunza kwa mabaharia wa majahazi bandarini kwao. Sitamsingizia ubaya ambao hakuwa nao. Alilia kaburini kwa machozi ya kweli, alituletea lozi na shali, na akaomba aione ile bangili ndogo aliyoituma nilipozaliwa. Lakini alikuwa na wana wanne, na mambo ya Bara Hindi yalikuwa yamevurugika tangu nchi igawanywe. Kinondoni nayo haikuwa tena pori. Watu walikuwa wakipima viwanja vya nyumba, na eka tatu kando ya barabara ziliwatoa watu udenda. Siku ya nne aliweka hati mezani na kutueleza mpango wake kwa upole. Mnunuzi amepatikana. Mama atapewa nauli na kitu cha mkononi arudi kwao Kunduchi. Mimi nitaondoka naye kwenda Mundra, niolewe na mwanawe wa pili.

"Roshan ni binti yangu," alisema. "Sitamwacha aharibikiwe huku."

Nilikuwa na miaka ishirini na moja na sikuijua hata lugha ya kumwombea mtu maji huko Mundra.

Mama aliendelea kupepeta mchele. "Shemeji, ardhi una karatasi yake," akasema. "Na hiyo minazi?"

"Minazi iko kwenye ardhi."

"Na wewe uko kwenye kiti changu. Umekuwa wangu?"

Ami akasema ataleta wakili. Mama akamwambia amlete, na aje na njaa, kwa kuwa atapikiwa.

Wakili alikuja Jumamosi, kijana Mhindi wa mjini mwenye miwani na Kiswahili safi cha ofisini. Mzee Bakari aliitwa pia, sasa mzee kweli, akakaa kwenye kiti kilekile chini ya mkorosho. Mie nilisimama nyuma ya Mama nikiwa nimeshika kanga yake kama mtoto mdogo.

Wakili hakuwa mjinga. Alikubali kwamba pwani mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe. "Lakini mke anayepanda katika shamba analolisimamia mumewe," alisema, "anapanda kwa niaba ya mumewe. Na mume, kwa hati hii, alikuwa mwangalizi tu wa mali ya kaka yake. Kwa hiyo, mama, kazi yako nzuri inaifuata ardhi. Nasikitika."

Ami akashusha pumzi. Nikamsikia Mzee Bakari akikohoa.

"Umesema mke," Mama akasema.

"Ndiyo, mama. Mke."

"Mie sijapanda hata mmoja."

Wakili akavua miwani. Ami akadhani Mama amekubali kushindwa, akaanza kumshukuru.

"Muulizeni jumbe," Mama akasema.

Mzee Bakari hakuinuka. Alinyoosha fimbo kunielekeza mie. "Miaka kumi na minne nimekula wali wa nyumba hii," akasema. "Mpandaji wa kila mti ni huyu. Nimemuuliza jina mara mia na ishirini na sita. Mama mtu hata mche hajaushika, nami nilikuwa nikijiuliza ana ugonjwa gani."

Hapo ndipo nilipoelewa, nikiwa nimesimama wima mchana kweupe. Malengelenge yote, ndoo zote, kila "okota mwenyewe." Niliachia kanga ya Mama nikavitazama viganja vyangu.

Wakili alijaribu tena, na kwa haki yake lazima niseme alijaribu vizuri. "Basi mtoto alipanda kwa amri ya baba yake."

"Vizuri sana. Andika hivyo," Mama akasema. "Andika Haiderali aliamuru. Mwangalizi wa shamba la mtu hajazi minazi shamba zima kwa mkono wa mwanawe. Anayefanya hivyo ni mwenye shamba. Ukiandika Haiderali aliamuru, umeandika shamba ni la Haiderali. Na likiwa la Haiderali, mrithi wake ni nani? Muulize mteja wako. Ndiye anayeijua sheria yao."

Wakili hakuwa wa madhehebu yetu, akamgeukia ami na kumuuliza kwa Kihindi. Kwa sheria ya Mashia, mtu akiacha binti, hata mmoja, kaka wa marehemu hapati kitu. Binti anamfungia mlango. Mama alilijua hilo tangu kwa Bibi Khatun. Alikuwa amekwisha kumuuliza, kati ya kijiko kimoja cha uji na kingine, mambo yangekuwaje kama angekuwa na mtoto wa kike.

"Na ukishikilia ardhi ni yako, ishikilie," Mama akamwambia ami, bila hasira. "Minazi ni ya Roshan, na mnazi unaishi miaka themanini. Mwambie mnunuzi wako asubiri."

Mnunuzi hakusubiri. Nani ataka kiwanja chenye minazi ya mtu mwingine mia na ishirini na sita? Siku mbili baadaye ami akaja peke yake asubuhi, bila wakili wala hati, akaomba chai kama alivyokuwa akiiomba kaka yake. Alisema amelibeba jina lile miaka ishirini bila kudai hata senti, na sasa hajui alibebe vipi wala alitue wapi.

"Tutalitua ofisini," Mama akasema. "Twende tukalipe kodi ya mirathi."

Ami alikaribia kumwaga chai. "Kodi? Haiderali alifanya haya yote kuikimbia."

"Ndiyo maana naitaka. Serikali haimtozi kodi ya mirathi mtu asiyerithi. Ikimtoza Roshan, imekiri kwa mhuri wake kwamba shamba lilikuwa la baba yake na sasa ni lake. Mlikuwa mnakimbia kitu pekee ambacho kingenipa usingizi."

Akamwambia pia kwamba duka alichukue, maana mtaji wa duka ulikuwa wa ndugu wawili kweli, na yeye hataki cha mtu. Ami akafunika uso kwa kiganja. Sijui alikuwa akilia au akiona haya. Kisha akasema twende.

Ofisini tulimkuta karani mmoja kutoka Bukoba, jina lake Gozbert, aliyetusikiliza kalamu ikiwa hewani. Alisema amekaa kwenye meza ile miaka sita na hajaona mtu anayekuja kuomba atozwe. Ami alitoa maelezo yake, kwamba jina lilikuwa lake na shamba la nduguye, akatia sahihi. Tulionywa juu ya kuchelewa na juu ya kuficha, tukaongezewa faini. Mama akauliza kama faini nayo ina risiti.

Kisha karani akauliza swali ambalo lilimrudisha ami kwenye ukingo wa kiti. Marehemu alikuwa mkazi wa wapi? Kama makao yake ya kudumu yalikuwa Bara Hindi, barua zitaandikwa huko, majibu yatangojwa, na jalada linaweza kulala mwaka mzima au miwili.

Ami alifungua kinywa. Katika karatasi zote za Baba, za meli, za pasi, za msikiti, imeandikwa Mundra.

Mama akamtangulia. "Mwanangu, marehemu aliondoka Mundra hajaota ndevu. Huku amekaa miaka thelathini na miwili. Ameoa huku, amezaa huku, amefia mikononi mwangu huku. Andika Kinondoni."

Gozbert akamtazama ami. Ami akatikisa kichwa kukubali. Karani akaandika.

Tulilipa kwa nazi za misimu miwili na kwa vipuli vya dhahabu vya Mama. Ami alikwisha kurudi kwao, akaniachia shali nyingine, wala hakutaja tena ndoa. Siku tulipomaliza, Gozbert alinipa risiti yenye jina langu, na baada yake hati ikabadilishwa. Hati Mama aliitazama kidogo tu. Risiti ndiyo aliyoibeba kutoka mjini mpaka nyumbani ndani ya kifua chake, akaitia katika kopo la chai, na kwa miezi kila mgeni alionyeshwa, hata waliokuja kuomba moto.

Njiani siku ile alinunua mche wa mlimau. Alifika, akavua kanga ya juu, akachukua jembe langu. Nikaenda kumsaidia, akanisukuma kwa kiwiko. Alichimba karibu na mlango wa jiko, akatia majivu, akaupanda kwa mikono yake, akashindilia kwa nyayo mpaka udongo ukawa kama sakafu. Miaka kumi na minne alikuwa amejizuia kugusa mti kwa kunipenda, na mie nimemwita mvivu. Nilimwambia anisamehe. Akasema nilete maji, na nimpe ndoo mkononi.

Nilimuuliza, kwa sauti ya Mzee Bakari, "Nani kapanda?"

"Mie," akasema. "Mwanakombo binti Shomari."

Alifariki mwaka jana, 1958. Baada ya arobaini nilivaa vizuri nikaenda ofisi ileile. Gozbert alikuwa bado pale, na mvi kidogo. Nikamwamkia, nikamwambia nimekuja kwa ajili ya mali ya marehemu mama yangu. Akachukua fomu, akaniuliza kwa heshima ameacha nini. Nyumba? Nikamwambia nyumba iko kwenye hati yangu. Ardhi? Yangu. Minazi? Aliijua vizuri minazi, akatabasamu bila kungoja jibu.

"Basi hakuna kitu, bibie. Niandike hakuna."

"Andika mlimau mmoja."

Akaweka kalamu chini. Alinieleza kwa upole kwamba mali ya kiasi hicho haitozwi kodi, sheria haiifikii, na hakuna sababu ya kujisumbua.

Nikamwambia akadirie tu, kiasi chochote, nina pesa mkobani. Nilitaka risiti.